Maswali ya Wasomaji: Cheri Nyeusi, Mapishi Yake na Lishe Iliyomo

Barua nyingi za safari hii zimeuliza juu ya tunda moja, cheri nyeusi, ambalo kwa wasomaji wetu wa Ghuba, Ulaya na Marekani ni la kawaida kila kiangazi, na kwa walioko Afrika Mashariki huonekana mara chache katika maduka makubwa, tena kwa bei inayomfanya mtu alirudishe mahali alipolitoa. Tumechagua barua sita na kuzifupisha.

Assalaamu alaykum, Ndugu Mhariri. Hapa Muscat, kiangazi kikianza, masoko hujaa cheri nyeusi kutoka Uturuki na Lebanoni. Mume wangu hununua sanduku zima, tunakula mbichi, na nusu yake huharibika. Je, zinapikwa? Tena mama mkwe ananikataza kuzichanganya na maziwa, anasema ni sumu. (Bi. S., Muscat)

Wa alaykumu ssalaam, Bibi. Cheri hupikwa, na ziko nchi ambako mapishi yake ni mengi kuliko matumizi yake mbichi, ila kwanza inafaa ujue ni cheri gani uliyo nayo. Zile nyeusi, nono na tamu zinazouzwa kwa sanduku ni za mti uitwao kitaalamu Prunus avium, na utamu wake hauna ukali wa kutosha kusimama ndani ya chakula cha chumvi. Wapishi wa Uturuki na Iran, wanapokusudia kupika, huchukua jamaa yake mwenye uchachu, Prunus cerasus, ambayo Waturuki huiita vişne na Wairani albalu. Wewe huna haja ya kuihangaikia hiyo ya pili, kwa kuwa ndimu itaziba pengo lililopo, na karibu kila ninachokueleza hapa kinaitegemea ndimu hiyo.

Pishi ambalo naona litazoeleka upesi katika nyumba ya Waswahili ni wali wa cheri wa Kiirani, albalu polo. Chukua nusu kilo ya cheri, zitoe kokwa, uziweke sufuriani pamoja na vijiko vitatu vya sukari na maji ya ndimu mbili, uziache zichemke taratibu kwa dakika 15, kisha uzichuje na kuitunza shira inayobaki. Mchele wa basmati uliokwisha kurowekwa uchemshe hadi uive nusu, uumwage maji, na hapo ndipo uanze kupanga: chini kabisa wali kidogo uliochanganywa na samli, juu yake tabaka la cheri, kisha wali, kisha cheri tena, mpaka viishe. Funga mfuniko kwa kitambaa safi ili mvuke usidondokee wali, uache juu ya moto mdogo kabisa kwa muda wa dakika 40 hivi, na wakati wa kupakua unyunyizie zafarani iliyorowekwa pamoja na ile shira. Huliwa na kuku, au na vidonge vidogo vya nyama ya kusaga, na ukoko wake haugombewi kwa siri jikoni, bali huletwa mezani kama sehemu ya heshima ya chakula chenyewe. Nakusihi usipunguze ndimu, kwani wali wa cheri tamu usio na uchachu huonja kama wali uliomwagikiwa jamu.

Ukishaulizoea wali huo, jaribu njia ya watu wa Halab nchini Syria, ambao hupika vidonge vya nyama ya kondoo ndani ya mchuzi wa cheri chachu uliotiwa mdalasini. Cheri na mafuta ya kondoo hupatana vizuri mno, na kwa maoni yangu hapo ndipo tunda hili linapoonyesha uwezo wake kuliko ndani ya keki yoyote.

Kuhusu maziwa, mama mkwe hayuko peke yake. Rais wa Marekani Zachary Taylor alikula cheri na kunywa maziwa ya barafu tarehe 4 Julai 1850, akaugua tumbo, akafariki tarehe 9 mwezi huo huo, na watu wakalibebesha tunda lawama. Mabaki yake yalifukuliwa mwaka 1991 ili kuchunguza kama alitiliwa sumu ya aseniki, na kiasi kilichopatikana hakikutosha kumuua mtu. Wengi leo huelekeza kidole kwenye maji machafu ya mji wa Washington wa wakati ule. Maziwa safi na cheri safi havigombani. Wafaransa wa eneo la Limousin wana kitamutamu chao kiitwacho clafoutis, ambacho si kingine ila cheri nyeusi zilizomiminiwa mchanganyiko wa mayai matatu, maziwa mililita 300, unga gramu 80 na sukari gramu 80, vikaokwa kwa nyuzi 180 za selsiasi kwa dakika 35 hadi 40. Wenyewe huziacha cheri na kokwa zake, wakidai harufu huongezeka, lakini ukiwa na wageni au watoto zitoe.

Na ili nusu ya sanduku isiharibike: usizioshe mpaka utakapozitumia, ziweke kwenye friji zikiwa na vikonyo vyake, na zile ambazo hamtazimaliza katika siku chache zitoe kokwa, uzitandaze kwenye sinia ndani ya friza hadi zigande, kisha uzitie mfukoni. Cheri iliyokwisha kuchumwa haiivi zaidi wala haiongezeki utamu, kwa hiyo hakuna faida ya kuziacha mezani zikisubiri.

Mheshimiwa Mhariri, tunaishi Portland, jimbo la Oregon, na mama yetu aliyetoka Bukavu ana ugonjwa wa sukari. Majirani wanatuletea cheri za aina ya Bing kwa ndoo. Tumwache ale? Na je, ni kweli kwamba zina vitamini nyingi kuliko matunda ya kwetu? (Mwana wa familia, Portland)

Mko nyumbani kwa tunda lenyewe, Ndugu. Aina ya Bing ilipatikana mwaka 1875 huko Milwaukie, kando kabisa ya Portland, katika bustani ya Seth Lewelling, nayo ikapewa jina la msimamizi wake Mchina, Ah Bing. Bwana huyo alikwenda kwao China mwaka 1889 na hakuweza kurudi tena Marekani, kwa sababu ya sheria ya mwaka 1882 iliyowazuia Wachina kuingia. Cheri iliyobeba jina lake ndiyo iliyoenea kote nchini humo.

Sasa lishe. Gramu 100 za cheri tamu mbichi, ambazo ni takriban cheri 12, zina kilokalori 63, maji gramu 82, wanga gramu 16 ambao gramu 13 kati yake ni sukari, nyuzinyuzi gramu 2, protini gramu 1, mafuta karibu na sifuri, potasiamu miligramu 222 na vitamini C miligramu 7. Hesabu hiyo ukiiweka mbele ya matunda ya Kivu au ya pwani, majivuno yanapungua. Chungwa lina vitamini C miligramu 53 kwa uzito huo huo, na pera lina zaidi ya miligramu 200, pamoja na nyuzinyuzi zaidi ya maradufu. Mtu anayenunua cheri kwa ajili ya vitamini C anapoteza fedha zake.

Kilichomo ndani ya cheri nyeusi, na ambacho matunda meupe hayana, ni ile rangi yenyewe. Weusi wake unatokana na antosianini, kundi la viambato vinavyopatikana pia katika zabibu nyeusi, zambarau na rozela, na ambavyo watafiti huvihusisha na kupungua kwa uvimbe wa ndani ya mwili. Kadiri cheri inavyokuwa nyeusi ndivyo inavyokuwa navyo kwa wingi, na sehemu kubwa imo kwenye ganda, hivyo halimenywi.

Kwa mama, jibu ni ndiyo, lakini kwa kipimo. Wataalamu wa lishe nchini Marekani huhesabu cheri 12 kuwa fungu moja la tunda lenye wanga wa gramu 15, na fungu hilo linapaswa kuchukua nafasi ya wanga mwingine wa mlo, si kuongezwa juu ya bakuli la ugali. Mpimieni kwenye kibakuli, kwa maana ndoo haina kiasi. Azile nzima, kwa sababu maji yake yaliyokamuliwa yamepoteza nyuzinyuzi na hupandisha sukari upesi, na zilizokaushwa zina sukari iliyokusanyika, mara nyingi pamoja na nyingine iliyoongezwa kiwandani. Ikiwa ana matatizo ya figo na daktari amemwekea mpaka wa potasiamu, muulizeni daktari huyo kabla ya kumpa.

Ndugu Mhariri, mjomba wangu anasumbuliwa na jongo, kidole gumba cha mguu kinavimba hadi anashindwa kuvaa kiatu. Duka moja hapa Nairobi limemuuzia chupa ya maji mazito ya cheri kwa bei kubwa, likimwambia aache dawa za hospitali. Nisemeje? (M.K., Nairobi)

Mwambie mjomba arudi kwenye dawa zake leo. Hilo ndilo jibu, na mengine yote hapa chini ni maelezo yake.

Madai ya duka hilo yana chimbuko. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 633 wa jongo kwa mwaka mmoja kupitia mtandao, wakagundua kwamba wale waliokula cheri katika siku mbili zilizotangulia walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 35 wa kupatwa na shambulio, ukilinganisha na vipindi ambavyo hawakula. Ni habari ya kutia moyo. Lakini utafiti ule ulitegemea maelezo ya wagonjwa wenyewe, na ulionyesha mambo mawili yanayokwenda pamoja bila kuthibitisha kwamba moja ndilo linaloleta jingine. Isitoshe, nafuu kubwa kuliko zote ilionekana kwa wale waliokula cheri huku wakiendelea kutumia allopurinol, ambayo ni dawa ya hospitali, na muuzaji hakumweleza mjomba hilo. Baadaye, utafiti mdogo wa New Zealand uliochapishwa mwaka 2020 uliwapa wagonjwa maji mazito ya cheri chachu kwa siku 28, na kiwango chao cha asidi ya yuriki kwenye damu hakikubadilika. Asidi hiyo ndiyo inayojikusanya kwenye viungo na kuleta maumivu, na dawa ndiyo inayoishusha.

Akipenda kula cheri, ale. Hazina madhara kwake, isipokuwa chupa hizo za maji mazito zina sukari nyingi na huenda zisimfae mwenye uzito mkubwa. Wakati huohuo mchunguze kuhusu bia, maini, figo na nyama choma ya kila Jumamosi, maana kupunguza hayo kutamsaidia zaidi ya chupa yoyote, na hakuna duka litakalopata faida kwa kumshauri hivyo.

Maji hayo hayo huuzwa pia kama dawa ya usingizi, nami naongeza hili kwa kuwa wasomaji wengine wameuliza. Mwaka 2001 watafiti wa San Antonio, Texas, walipima melatonini, homoni ya usingizi, katika cheri chachu za aina ya Montmorency, wakakuta nanogramu 13 hivi kwa kila gramu ya tunda. Piga hesabu: gramu 100 zinakupa maikrogramu moja na kitu, ilhali kidonge cha melatonini cha miligramu moja kina zaidi ya mara 700 ya kiasi hicho. Tena vipimo hivyo vilikuwa vya cheri chachu, si zile nyeusi tamu.

Kwako Mhariri. Ninaoka keki kwa oda hapa Dar es Salaam. Wateja hupenda Black Forest, nami hutumia cheri za kopo. Wakati mwingine cheri zikiingia ndani ya keki yenyewe hugeuka rangi ya kijani-kijivu na wateja wanadhani zimeoza. Sababu ni nini? Pia wateja Waislamu huuliza kama keki hiyo ina pombe. (Mwokaji, Dar es Salaam)

Cheri zako hazijaoza. Ile antosianini tuliyoizungumzia hapo juu huwa nyekundu penye asidi na huelekea ubuluu na ukijani penye magadi, kwa hiyo ukitumia bekingi soda nyingi, tunda hubadilika rangi pale linapogusana na unga. Tumia bekingi pauda badala yake, au kama mapishi yako yanalazimisha soda, weka mtindi au maziwa ya mgando ya kuifisha nguvu, na kabla ya kuzitia cheri zichuje vizuri, uzinyunyizie maji ya limau na kuzipaka unga kidogo. Usipike cheri kwenye sufuria ya alumini isiyopakwa kitu, kwa kuwa asidi yake huila.

Keki ya Black Forest, ambayo Wajerumani huiita Schwarzwälder Kirschtorte, inahusishwa na eneo la misitu kusini-magharibi mwa Ujerumani, na weusi ulio katika jina ni wa msitu. Kwa kawaida cheri zake ni zile chachu. Na ndiyo, wateja wako wana haki ya kuuliza: kwa kanuni za Ujerumani, keki haistahili jina hilo isipokuwa ladha ya pombe ya cheri, Kirschwasser, isikike ndani yake. Wewe unaweza kulowesha keki kwa ile shira ya kopo uliyoichemsha ikapungua hadi nusu na kuitia maji ya limau, na naona matokeo yake ni bora kwa hali ya hewa ya Dar. Waeleze wateja waziwazi kilichomo.

Katika hesabu zako za lishe, ukiulizwa, cheri za kopo zenye shira nzito zina kilokalori 83 hivi kwa gramu 100, na vitamini C iliyokuwa ndogo tangu mwanzo imepungua zaidi kwa moto. Ama zile nyekundu zinazong'aa, zinazowekwa juu ya krimu, hizo ni peremende. Zimetolewa rangi, zikalowekwa kwenye sukari, zikatiwa rangi upya. Rangi nyekundu ya E127 katika Umoja wa Ulaya imeruhusiwa kwa cheri za namna hiyo peke yake. Na nyingi zinazotoka India si cheri kabisa, bali ni karonda, tunda la kichaka chenye miiba liitwalo kitaalamu Carissa carandas, lililogeuzwa kwa sukari na rangi. Halina ubaya, ila usimtoze mteja bei ya cheri.

Mhariri, mwanangu wa miaka minne amemeza kokwa mbili za cheri. Nimesoma kwamba kokwa hizo zina sumu, sijalala. (Mama mwenye hofu, Birmingham)

Pole sana, dada. Kokwa iliyomezwa nzima hupita tumboni na kutoka ilivyoingia. Ni kweli kwamba kiini kilichomo ndani yake kina amigdalini, ambayo kikisagwa au kutafunwa hutoa sianidi, sumu ya jamii ile ile inayotufanya tusile muhogo mchungu bila kuutayarisha, lakini ganda la kokwa ni gumu na meno ya mtoto hayalivunji. Kwa umri wake hatari iliyo kubwa ni kupaliwa, basi mpe cheri zilizotolewa kokwa na kukatwa vipande. Akianza kukohoa mfululizo au kupumua kwa shida, hilo ni la hospitali mara moja. Wanaosaga cheri kwenye mashine bila kuzitoa kokwa nao wasikie.

Ndugu Mhariri, mimi niko Tanga na nimechoka kusoma mapishi ya matunda nisiyoyaona. Je, cheri haziwezi kupandwa Lushoto? Kama haziwezi, nipe cha kutumia mahali pake. (Mzee wa Ngamiani, Tanga)

Shikamoo mzee. Mcheri unahitaji baridi ya majira marefu ili vichipukizi vyake viamke: aina nyingi hutaka mamia ya saa, mara nyingi zaidi ya 700, za joto lililo chini ya nyuzi 7. Usiku wa Lushoto una baridi, lakini mchana hupata jua na hesabu hiyo haitimii, kwa hiyo mti hukua na kutoa majani bila kuzaa vya maana. Milima yetu inao ndugu wa mti huo, Prunus africana, ambao Wakikuyu huuita muiri. Magome yake yamesafirishwa kwa wingi kwenda Ulaya kutengeneza dawa za tezi dume, hata tangu mwaka 1995 biashara yake ikawekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa viumbe walio hatarini. Matunda yake ni machungu na hayafai jikoni.

Badala ya cheri, chukua plamu za Lushoto. Ni za jenasi moja na cheri, zina uchachu ambao cheri tamu hazina, na ganda lake jekundu-jeusi hutoa rangi inayofanana nayo. Zikate vipande, uzitoe kokwa, uzipike kwa sukari kama tulivyomweleza Bi. S. wa Muscat, ila ndimu ipunguze hadi moja, na muda wa moto uwe dakika kumi kwa sababu plamu hulainika upesi. Kwa jamu, kilo moja ya plamu inatosheka na sukari gramu 600 bila kuongeza kitu cha kugandisha, kwa kuwa zina pektini nyingi kuliko cheri, ambazo zisipotiwa maji ya limau ya kutosha jamu yake hubaki majimaji. Zambarau nazo zina antosianini kwa wingi, lakini ukakasi wake hauondoki kwa moto, hivyo zifae kwa sharubati na si kwa wali. Plamu za kupikia zichague ngumu kidogo. Zilizoiva sana waachie wajukuu.